Siku Niliposema Petroli

Ndege yangu ilinizidi umri. Nilipoinunua ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa watu watano, na kila mmoja aliiachia kasoro yake. Mmoja alishona viti upya kwa ngozi ya bandia nyekundu iliyokuunguza mapaja juani, mwingine akatoboa dashibodi ili apachike saa ambayo haikuwahi kwenda. Injini moja, mabawa juu, viti sita ambavyo kwa kweli vilikuwa vinne na mahali pa kubanana. Hapa Lubumbashi waliniuliza kwa nini mtu mwenye duka la vipuri vya malori ajitafutie maradhi ya namna hiyo. Niliwajibu kwamba barabara ya Pweto wakati wa mvua nayo ni maradhi. Lilikuwa jibu la kuwafunga mdomo tu. Niliipenda ndege ile kupita kiasi, na mpaka leo naona haya kulisema jambo hilo.

Anayedhani kuwa na ndege ndogo ni kuruka, hajawahi kuwa nayo. Ni kungoja. Unangoja kipuri kilichokwama mpakani, unangoja fundi mwenye leseni avuke kutoka Zambia, ambaye akifika anakagua kwa siku mbili na kukuandikia orodha ya mambo mapya ya kungoja. Ukiiacha wiki moja, nyigu wanajenga kwa udongo ndani ya kibomba kidogo cha bawani kinachopima mwendo. Changarawe za kiwanja zinakwangua kingo za rafadha, lile panga la mbele, nawe unakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ukizilainisha kwa tupa, taratibu, kwa saa nzima. Mpira wa mfuniko wa tangi unakauka, mvua inaingia, unatoa maji. Nikibadilisha oili nilikuwa nakata chujio kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake mezani, nikitafuta chembe za chuma. Mke wangu alisema sijawahi kuyatazama makaratasi ya shule ya watoto kwa makini namna ile. Alikuwa na haki.

Kiwanja kilikuwa kwenye shamba la mtu, nje ya mji, kushoto kwa barabara inayokwenda Kasomeno. Mwenye shamba alikuwa na ndege kubwa kuliko yangu, yenye injini ya tabini kama za ndege za abiria, na tulitumia banda moja la bati. Mimi nilichangia mlinzi. Alikuwa mzee aliyefanya kazi reli pamoja na marehemu baba yangu, watu wa kaskazini wote wawili, waliobatizwa na padri mmoja. Kwa umri angeweza kunizaa, lakini aliniita patron, yaani bosi, na kunisemesha kwa wingi, "mulisema", "mulikuya", kama mtu anayeongea na wakubwa wawili. Nilimwambia aache. Hakuacha, na baada ya muda nikaanza kuona ni haki yangu.

Kazi yake kubwa ilikuwa kusikia. Kiwanja hakikuwa na uzio, na njia ya baiskeli za makaa ilikikata katikati. Mzee alikaa kwenye kigoda mbele ya banda akishona nyavu, kisha ghafla aliinuka na kusema "ndeke iko inakuya", na hapo hakuna mwingine aliyekuwa amesikia chochote. Alikuwa na muda wa kufukuza mbuzi, kusimamisha baiskeli na kurudi kukaa kabla hatujaiona. Alijua kama ni ndege yangu au ya mwenye shamba. Siku moja alinipokea kwa kuniambia kwamba silinda moja haikuwa ikiimba sawa na wenzake, nikamcheka. Fundi alipofungua, alikuta plagi moja imekufa.

Sasa niseme kuhusu Kiswahili changu, kwa sababu hapo ndipo penye kidonda. Niliishi Tanzania miaka saba, nikisindikiza mizigo ya watu wa Katanga bandarini, na huko ndiko nilikojifunza kuruka. Nilirudi na leseni na Kiswahili bora. Hapa kwetu Kiswahili bora ni cha kanisani na cha redio, mtu hanunui nacho nyanya. Mama yangu alisema nikifungua mdomo anatafuta rozari. Nyumbani na dukani niliacha, nikarudi kusema kama watu. Lakini nikiingia kiwanjani nilikirudia chote, na si kwa bahati mbaya. Nilijisikia mtu mwingine. Nilisema "ndege", nilisema "nimekwisha kukueleza", nilimrekebisha mzee aliposema "ndeke", naye akaitikia "ndiyo, patron" na kuendelea kusema ndeke.

Kwa miaka mingi tulitumia mafuta maalumu ya ndege ndogo, yale ya bluu, ambayo kila mtu huyaita avigazi. Mzee aliyajua mapipa yake. Kisha avigazi ikaanza kuadimika. Mara ipo, mara haipo, mara ipo na ina maji. Wakati huohuo injini yangu ilikuwa imefika mwisho wa saa zake. Nikaamua kufanya mambo yote pamoja: injini iliyojengwa upya, redio mpya, matairi mapana kwa ajili ya viwanja vya mchanga, rangi mpya nyeupe na mstari wa kijani. Ndege ilikaa chini miezi minane. Kila nilipokwenda nilimweleza mzee kwamba ikitoka hapo itakuwa ndege nyingine kabisa, kila kitu kitabadilika, hata kinywaji chake. Nilikuwa nimevimba kichwa. Nilimwonyesha picha kwenye simu, nikamtajia namba, naye alisikiliza kwa adabu na nyavu zake magotini.

Injini ile mpya ilikuja na karatasi inayoruhusu mafuta ya gari, mradi yawe safi. Nilifurahi, maana hayo yapo kila kituo. Mapipa yangu manne yalifika Alhamisi kwa pikapu, yakashushwa nyuma ya banda na kufunikwa turubai. Mzee alikuwa ameenda misa ya maziko. Hakuna aliyemwonyesha.

Siku ya kuipaka ndege, fundi wa rangi alikuwa amefunika kwa weupe vile vibandiko vidogo kando ya mifuniko ya tangi, vinavyosema mafuta gani yaingie. Niliona. Nikasema nitaagiza vingine.

Ndugu yangu mkubwa, yule tunayemwita yaya, alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole na mbishi kwa pamoja. Wakwe zake walikuwa na msiba Pweto. Alikuwa amekwisha kukata tiketi ya basi. Mimi ndiye niliyemwambia aitupe. Ndege ilikuwa imesharuka mara mbili na injini mpya, kwa masalio ya avigazi, na ilivuta vizuri sana, na nilitaka mtu wa kuiona. Yaya hakupenda ndege. Alikubali kwa sababu nilimsumbua siku tatu mfululizo, na kwa sababu nilimwambia atafika kabla ya chai kupoa.

Asubuhi ya Jumamosi nilitangulia. Nilizunguka ndege, nikachota mafuta kidogo chini ya kila bawa katika kikombe cha kioo, nikakiinua juani. Bluu, safi, hakuna tone la maji. Baada ya hapo ndipo nilipomwambia mzee ajaze. Kila mwanafunzi wa urubani anajua kwamba unajaza kwanza, kisha unachota. Mimi nilikuwa na haraka, simu iko sikioni, yaya amepotea njia na dereva wa teksi anataka kumshusha barabarani.

Nilimwambia mzee, kwa Kiswahili changu cha kiwanjani, "Kuanzia leo tunatia petroli."

Alisimama na pampu ya mkono. "Petrole, patron?"

"Petroli, ndiyo. Si nimekwisha kusema?"

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kule nilikojifunza kuruka, petroli ni mafuta ya gari. Hapa kwetu mafuta ya gari ni essence, kwa Kifaransa, na hakuna mtoto asiyejua. Petrole ni mafuta ya taa. Na tabini ya mwenye shamba inakunywa petrole hasa, iliyosafishwa, na mapipa yake yalipangwa ndani ya banda, hatua kumi kutoka alipokuwa amesimama mzee. Mimi mwenyewe kituoni kila siku nasema essence. Ningesema petroli dukani kwangu watu wangedhani naulizia taa. Mzee alisikia sawasawa nilichosema. Aliona ajabu, akauliza, nikamkemea, akakumbuka miezi minane ya majigambo yangu kuhusu kinywaji kipya, akaenda kuchota petrole.

Alijaza kwa uangalifu, nilimwona. Alipitisha yote kwenye faneli yenye ngozi laini ya kuzuia maji, kama nilivyomfundisha, akafuta mabawa kwa kitambaa ili rangi mpya isichafuke. Yaya alifika na begi na mkate. Mzee alimfunga mkanda, wakacheka kitu kuhusu baba yetu ambacho sikukisikia.

Injini iliwaka bila shida, kwa mafuta yaliyokuwa yamebaki kwenye mabomba. Tulikwenda mpaka mwisho wa kiwanja, nikaijaribu, ikanguruma vizuri. Tukaondoka. Tulikuwa tumepanda kufikia vilele vya mikaratusi injini ilipoanza kugonga ndani, mlio mkavu, na kipimo cha joto kikapanda nikikitazama. Kisha ikakohoa, ikavuta tena kidogo, ikazimika. Yaya alinigeukia akaniuliza kama ndivyo inavyofanyaga. Nilimwambia ndiyo.

Mbele yetu lilikuwa shamba la mahindi. Niliishusha, na hadi leo nasema niliishusha vizuri, nashikilia hilo kwa ukaidi kama kwamba linamsaidia mtu. Lakini Katanga hakuna shamba lisilo na kichuguu, na mahindi yalikuwa marefu. Kichuguu kiligonga upande wa kulia, alikokaa yaya. Mimi nilivunjika mguu na mtulinga. Yaya alikufa hospitalini siku ya tatu, mkono wake ukiwa na joto bado nilipoletwa kwa kiti cha magurudumu kumwona.

Watu wa ofisi ya anga walikuja, wakachota kilichobaki kwenye tangi, na haikuwachukua muda. Harufu tu ilitosha. Kufikia siku ya maziko mji mzima ulijua kwamba ndege ilitiwa petrole na mlinzi. Wapwa zangu walitaka kwenda shambani na mapanga. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliwazuia, akasema jambo hili litasemwa mbele ya familia kama watu waliobatizwa. Wakamleta mzee kwenye kilio, uani kwa mama, chini ya turubai, watu wote wamekaa kwenye viti vya kukodi. Nami nilikuwepo na mguu wangu kwenye plasta.

Mzee alikuwa amevaa koti lake la maziko. Walimuuliza, akajibu bila kuongeza chumvi: patron alisema petrole, yeye aliuliza, patron akasema ndiyo. Kisha akanitazama, si kwa ukali. Alikuwa anangoja niseme ni kweli ili wote wapumzike.

Baba mdogo akanigeukia. "Ulimuambia aweke nini?"

Nilimwona mama. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kitambaa kimefungwa kichwani, ananitazama mimi na si mzee. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja wa kiume. Nilijua kwamba neno moja lingetosha kumwondolea na huyo pia. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli wenyewe ni mfupi zaidi: niliogopa.

"Essence, Baba," nilisema. "Nilimuambia essence."

Nililisema kama linavyosemwa hapa, safi, bila Utanzania wowote. Watu waliguna. Baba mdogo alimuuliza mzee mtu anachanganyaje essence na petrole. Mzee alinitazama tena, na niliona akitafuta usoni mwangu, akitafuta kwa bidii, na alipokosa alichokitafuta hakunifikiria mimi kuwa mwongo. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza. Alishika sikio lake la kulia kwa vidole viwili.

"Basi ni masikio yangu," alisema. "Nilisikia mubaya."

Hawakumpiga. Polisi walimshika siku kadhaa, wakamwachia kwa sababu ya umri. Mwenye shamba hakumtaka tena. Alihamia Kasomeno kwa binti yake, nami niliambiwa habari hiyo na nikasema vizuri, kule kuna samaki na hewa. Mbele ya ofisi ya anga nilirudia neno lilelile na kuliwekea sahihi.

Kisha nikaitengeneza ndege. Sijui mtu ataelewaje. Niliagiza bawa kutoka ndege iliyokufa nchi nyingine, rafadha, mguu wa gurudumu la mbele. Nilijifunza mwenyewe kupiga ribiti, zile pini za kushikiza bati. Miaka minne nilikwenda shambani kila Jumamosi nikakaa juu ya ndoo. Karibu na kila mfuniko nilibandika maandishi mekundu makubwa kuliko kiganja: ESSENCE. Fundi kutoka Zambia alisema hajawahi kuona ndege yenye vibandiko vikubwa hivyo. Ilipokuwa tayari kuruka, nilikaa kwenye kiti changu, nikafunga mkanda, na sikuweza kuiwasha. Niliiuza kwa mtu wa Kolwezi, akaja na rubani wake.

Mama alipofariki, udhuru wangu ulizikwa pamoja naye. Nilipiga moyo konde, nikaendesha gari mpaka Kasomeno.

Nyumba ilikuwa karibu na barabara ya Kasenga, upande wanakouza samaki wakavu. Binti wa mzee alinipokea kwa heshima, akaniletea kiti na kikombe cha maji. Mzee alikuwa kivulini ukutani. Amekonda. Nilimsalimia, akaweka mkono nyuma ya sikio. Nikarudia, akaniomba nirudie tena. Binti alinivuta kando kidogo.

"Masikio yake iko muzima," aliniambia. "Ku hôpital balipima. Ye mwenyewe njo anakatala kusikia."

Aliniambia kwamba baba yake hamwachi mtu amtume hata sokoni, anaogopa kuleta kitu kisicho. Hakubali kuachiwa wajukuu karibu na barabara, anasema hatasikia gari. Malori yalikuwa yakipita mita chache kutoka hapo, na niliona kwamba kila mara aliinua kichwa kabla yangu.

Nilirudi nikakaa mbele yake. Binti alibaki amesimama mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya utangulizi, yote yakanikimbia.

"Muzee, ile siku nilisema petroli. Mulisikia muzuri. Essence sikusema. Nilidanganya mbele ya bantu bote ku kilio."

Hakuomba nirudie. Alitikisa kichwa polepole na kutabasamu, kama unavyomtabasamia mgonjwa anayekuambia amepona.

"Hapana, patron. Muko na roho muzuri, munataka nife na amani. Lakini mulisema essence."

Nilimwambia hapana. Nilimweleza Tanzania, nikamweleza petroli ya kule ni nini, nikamkumbusha kwamba aliniuliza na mimi nikamkemea. Nilipaza sauti, Mungu anisamehe, nilimkemea tena. Aliniacha nimalize. Kisha akaibana mikono yake katikati ya magoti.

"Nilishaungama ku padri," alisema. "Kila siku ninasali juu ya yaya yenu, asubuhi na mangaribi. Sikuachaka hata siku moja. Kama haiko miye njo nilimuua, ile sala yote ilikuwa ya nini? Na bantu ba mu nyumba yangu, bale balinikimbia, balinikimbia juu ya nini?"

Ninaandika haya miezi kumi na moja baadaye na maswali hayo bado ninayo.

Alimwita binti yake asogee. Binti alikuja, akasimama pembeni mwa kiti changu. Uso wake ulikuwa umekwisha kubadilika, kwa maana yeye alikuwa ameyasikia yote na kuyaamini. Mzee alinishika kiganja cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu aliyekonda vile.

"Semeni tena, patron, huyu mutoto asikie. Mulisema nini?"

Nilimtazama binti. Hakunisaidia. Mzee alikuwa ameelekeza sikio kwangu na kufumba macho, akingoja.

"Nilisema essence," nilimwambia.

"Njo vile," mzee alisema, akaniachia mkono.

Binti aliinama, akachukua kikombe cha maji ambacho nilikuwa sijakigusa, akayamwaga uani.